Kumbukumbu za Kikao cha Alhamisi

Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa,
si namna kilivyosemwa.
Miaka ishirini na miwili katika ukumbi wa manispaa ya San Cipriano
nimekamua hotuba za watu hadi zikabaki machicha:
Mjumbe alieleza masikitiko. Mwananchi aliomba barabara.

Alhamisi akaja Yasna Olmedo, kidato cha tatu,
sare ya shule, soksi moja imeshuka,
karatasi zimekunjwa mara nne kama barua ya kuomba radhi.
Dakika tano, akasema meya, akalaza saa yake mezani.

Hakuanza na mto. Wote huanza na mto,
mto mama, mto mshipa wa damu,
na madiwani husinzia papo hapo.
Alianza na bakuli.
"Bibi yangu Eduvina huoga kwa bakuli tatu.
La kwanza kichwa, la pili mwili,
la tatu hulinusa kwanza, maana limeshaosha viazi."
Diwani Barahona akacheka,
kisha akatazama pembeni kama mtu aliyecheka matangani.
Nikaelewa: kicheko kile alikitega yeye.

Nikaandika: Mzungumzaji alitaja uhaba wa maji.

"Lori la maji huja Jumanne," akasema.
"Je, mwili huchafuka Jumanne tu?"
Swali lisilodai jibu, ila ukumbi mzima ulilisaka,
mifukoni, kwenye viatu, darini.

Nikaandika: Aliuliza kuhusu ratiba ya lori.

"Mlituambia tungoje mvua. Tukangoja.
Mlituambia tungoje utafiti. Tukangoja.
Mlituambia tungoje..."
Sauti ikamkatika.
Mwalimu wake wa lugha, mstari wa nyuma,
midomo yake ilikuwa ikimfuata neno kwa neno;
ikamalizia peke yake, bila sauti: uchaguzi.
Sekunde tisa. Nilizihesabu.
Fomu yetu haina safu ya kimya.

Kisha akafanya jambo dogo kuliko yote.
Hadi hapo alisema mmekausha, mmeuza, mmenyamaza,
nasi tulistarehe, kwa kuwa anayeshtakiwa
hujua pa kuegemea.
Akavuta pumzi. "Tumekausha," akasema.
"Baba huchuma parachichi kwa kibarua.
Viatu hivi ni parachichi."
Silabi moja imebadilika, na ukuta nyuma ya mgongo haupo.

Mimi nina miti arobaini nyuma ya nyumba.
Hakunitazama. Asingejua.

Meya akamsogezea glasi ya maji, ndiyo desturi.
Hakunywa. Akatoa chupa mkobani,
akamimina taratibu, tone la mwisho akalisubiri,
akafunga kifuniko, akashukuru, akatoka.
Shuleni tulifundishwa takriri, tashbihi, swali la balagha.
Hii sijui inaitwaje.
Labda si fani. Labda bibi yake alikuwa na kiu.

Kura zikapigwa: suala liahirishwe.
Wanne wakakubali, watatu wakakataa.
Mwezi uliopita walikuwa saba kwa sifuri.

Usiku nikachapa nakala safi.
Kanuni hairuhusu "sisi" katika kumbukumbu;
kuna "wao", kuna "yeye", kuna "ilionekana kwamba".
Nikaandika: wamekausha bonde. Nikafuta.
Nikaandika: bonde limekauka,
kana kwamba lilijikausha lenyewe. Nikafuta.
Saa nane kamili pampu yangu ikawaka, zamu yake,
ikanguruma chini ya dirisha,
na mimi vidole juu ya vitufe,
sijaandika, wala sijainuka kuizima.